St Andrews: Mji unaompokea mwanafunzi mwaka wa kwanza, na kumwacha atafute pa kulala mwaka wa pili

Kila mwanzo wa Septemba, treni zinazotoka Edinburgh kuelekea kaskazini hushusha vijana wenye mabegi makubwa katika kituo kidogo cha Leuchars, mashariki mwa Uskoti. Wengi wana miaka 18. Baadhi wana 17, kwa kuwa mfumo wa elimu wa Uskoti unamruhusu mtu kuanza chuo kikuu katika umri huo. Kutoka kituoni hupanda basi au teksi kwa kilomita kama tisa hivi, kwa sababu mji wanaokwenda hauna reli tangu mwaka 1969. Mji huo ni St Andrews.

Katika makala haya tunauliza swali ambalo kila mzazi mwenye mtoto anayeanza chuo mbali na nyumbani hujiuliza: kijana huyu atatulia? Kwa kawaida watu huwaza baridi, chakula na upweke. Hayo yapo, na hatuyapuuzi. Lakini ukiutazama mji huu kwa makini, utaona kwamba hayo mji umejifunza kuyatibu kwa karne nyingi. Kinachowatoa vijana jasho ni nyumba, na tatizo hilo huanza pale hasa mtu anapodhani ameshazoea.

Mji wa gofu na magofu

St Andrews ina wakazi wasiofika 20,000. Wanafunzi ni takriban 10,000, yaani muhula ukiwa umefunguliwa, karibu mtu mmoja kati ya kila wawili unaopishana nao ni mwanafunzi. Barabara kubwa za katikati ni tatu tu: North Street, Market Street na South Street. Unaweza kutembea kutoka ya kwanza hadi ya tatu kabla chai yako haijapoa.

Dunia inaujua mji huu kwa mambo mawili. La kwanza ni gofu, hasa uwanja wa Old Course, ambao wachezaji huuendea kama mahujaji. La pili ni chuo kikuu, kilichopata hati yake ya Papa mwaka 1413, na ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote Uskoti. Pembeni mwa bahari yamesimama magofu ya kanisa kuu lililowekwa wakfu mwaka 1318, wakati huo likiwa kubwa kuliko kanisa lolote nchini humo, na kuporwa wakati wa Mageuzi ya Kidini mwaka 1559.

Chuo hiki kimevuta macho zaidi katika miaka ya karibuni. Mwaka 2001 Prince William alianza kusoma hapo, na hapo ndipo alipokutana na Kate Middleton. Mwaka 2021 kilishika nafasi ya kwanza katika mwongozo wa vyuo vikuu vya Uingereza unaotolewa na gazeti la The Times, mara ya kwanza kwa chuo chochote kuzipita Oxford na Cambridge katika orodha hiyo. Sifa ikiongezeka, waombaji nao huongezeka. Lakini barabara za katikati zimebaki zile zile tatu.

Mzazi wa mwaka wa tatu

Kwa kijana mgeni, miezi ya kwanza haina siri. Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Upepo wa Bahari ya Kaskazini haubishi hodi. Kijana aliyezoea kuamshwa na mama sasa anajifulia, anajipangia fedha na kukaa na wenzake ambao hajawahi kuwaona.

Mji umemwandalia ndugu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne humchukua mgeni na kumfanya mtoto wao: mmoja huwa mama, mwingine baba, na watoto wengine wa wazazi hao huwa ndugu zake. Si mpango wa ofisi, ni mila ya wanafunzi wenyewe. Wazazi hawa ndio wanaomwambia duka gani lina bei nafuu, somo gani linahitaji kuanza kujisomea mapema, na daktari anasajiliwaje. Kwa watu wa pwani, ambako mwari hukabidhiwa kwa somo au kungwi amfunze mambo ya utu uzima, hili si geni sana.

Kilele chake ni wikiendi moja ya muhula wa kwanza iitwayo Raisin. Zamani mtoto alimpa mzazi wake ratili moja ya zabibu kavu kama shukrani. Siku hizi zabibu zimegeuka chupa ya mvinyo, na Jumatatu asubuhi watoto waliovalishwa mavazi ya vichekesho hukusanyika uwanjani na kurushiana povu. Pombe imekuwa sehemu ya wikiendi hiyo kiasi kwamba chuo hulazimika kutoa tahadhari kila mwaka. Hilo lisemwe wazi: mwanafunzi hana wajibu wa kunywa ili apate ndugu, na aliye chini ya miaka 18 sheria haimruhusu kuuziwa pombe.

Mila nyingine ni nyepesi. Joho jekundu la sufu huvaliwa kwa namna inayoonyesha mwaka: wa kwanza huliweka sawasawa mabegani, na kadiri miaka inavyokwenda hulishusha, hadi wa nne anapolibeba kwenye viwiko. Nje ya kanisa la St Salvator kuna herufi PH zilizopangwa kwa mawe barabarani, mahali alipochomwa moto mwanamageuzi Patrick Hamilton mwaka 1528. Anayezikanyaga, husemwa, atafeli shahada. Dawa yake ni kuingia baharini alfajiri ya Mei Mosi, maji yakiwa bado ya baridi kali.

Mambo haya yanaweza kuonekana ya kitoto, lakini yana kazi. Mila humpa mgeni cha kufanya pamoja na wengine kabla hajapata cha kuzungumza nao. Katika mji mkubwa kijana anaweza kupotea wiki nzima bila mtu kujua. Hapa, usipoonekana siku mbili, kuna mtu atauliza.

Mgeni siku mbili

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. St Andrews, siku hizo mbili ni mwaka wa kwanza. Chuo humhakikishia mwanafunzi mpya chumba katika hosteli zake, mradi aombe kabla ya tarehe ya mwisho. Jembe ni mwaka wa pili, ambapo wengi hulazimika kwenda kutafuta nyumba mitaani.

Na msako huanza mapema mno, mara nyingi kabla muhula wa kwanza haujaisha. Tafakari maana yake. Kijana ana majuma machache tangu afike. Hajajua nani anafua vyombo na nani anawaacha wenzake na bili. Lakini tayari anatakiwa achague watu watatu au wanne wa kuishi nao mwaka mzima ujao. Kisheria anaruhusiwa: Uskoti mtu wa miaka 16 anaweza kusaini mkataba. Uzoefu ndio hana.

Kwa nini nyumba ni chache? Chini ya Sheria ya Nyumba ya Uskoti ya mwaka 2006, nyumba inayokaliwa na watu watatu au zaidi wasio wa familia moja inahitaji leseni maalumu, inayojulikana kwa kifupi HMO. Leseni hiyo ni kwa ajili ya usalama, hasa wa moto. Lakini mwaka 2019 Halmashauri ya Fife, inayousimamia mji huu, ilipitisha sera ya kutoongeza idadi ya leseni hizo St Andrews. Kwa lugha nyepesi, nyumba ambazo wanafunzi watatu au wanne wanaweza kuchangia zimewekewa kikomo.

Kila upande una hoja

Halmashauri haikufanya hivyo kwa chuki. St Andrews ni miongoni mwa miji yenye nyumba ghali zaidi Uskoti. Mwenye nyumba akipata kodi kutoka vichwa vinne, familia yenye mshahara mmoja haiwezi kushindana naye. Familia zikihama, shule zinakosa watoto, na likizo ya majira ya joto mitaa hubaki kimya. Wakazi wa kudumu walisema wanataka mji, si bweni.

Wanafunzi nao wana hoja. Kikomo cha leseni hakipunguzi idadi ya vijana, kinapunguza vitanda. Vitanda vikipungua, kodi inapanda, na wanaobaki mjini ni wenye wazazi wenye uwezo. Wengine huenda kuishi Leuchars, Cupar au ng'ambo ya mto Tay mjini Dundee, kama kilomita 20. Na nyumba hazigombewi na wanafunzi na familia pekee. Wapo wapangishaji wa muda mfupi wanaowalenga wachezaji gofu. Serikali ya Uskoti imewawekea nao masharti ya leseni, lakini mashindano makubwa ya The Open yatarudi hapa Julai 2027, na mwenye nyumba anajua hesabu zake.

Tuonavyo sisi, kosa liko katika mpangilio wa hatua. Chuo kilikua kwanza, kikomo kikafuata, na vitanda vya kutosha havikujengwa katikati ya hatua hizo mbili. Anayelipa pengo hilo ni mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote, kijana wa miaka 18 mwenye chumba cha mkataba wa miezi tisa.

Anayeumia zaidi

Maumivu hayagawanywi sawa. Mwanafunzi wa Uskoti hulipiwa ada na serikali yake. Yule wa England hulipa zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka. Anayetoka nje ya Uingereza, kwa shahada nyingi, hutozwa pauni 30,000 au zaidi, na shahada ya Uskoti kwa kawaida ni miaka minne, si mitatu. Julius Nyerere alisoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952, na tangu hapo jina la Uskoti lina heshima masikioni mwetu. Lakini mzazi wa leo anapaswa kuanza na hesabu.

Zaidi ya ada, mwombaji wa viza huonyesha fedha za kujikimu zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi, kwa hadi miezi tisa. Muhula ukiendelea haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki. Kisha akifika kwa dalali, huulizwa mdhamini anayeishi Uingereza. Mtoto wa Edinburgh anamtaja baba yake. Mtoto wa Mombasa au Mwanza anamtaja nani?

Mambo ya kujua kabla ya kusaini

Sheria za Uskoti zinampa mpangaji kinga ambazo wengi hawazijui. Katika nyumba binafsi, amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi miwili, na lazima mwenye nyumba aiweke katika mfuko ulioidhinishwa. Hairuhusiwi kumtoza mpangaji ada ya dalali au ya kuandika mkataba. Tangu Desemba 2017, mpangaji wa nyumba binafsi anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 28. Kinga hizo za upangaji haziko hivyo kwa hosteli za chuo, kwa hiyo mkataba wa hosteli usomwe hadi mwisho.

Anayelazimika kuishi nje ya mji ana nafuu moja: tangu Januari 2022, vijana wa chini ya miaka 22 wanaoishi Uskoti husafiri bure kwa basi wakiwa na kadi maalumu. Na jambo la mwisho husahaulika sana. Uskoti mtu hupiga kura za mitaa kuanzia miaka 16, na raia wa kigeni mwenye kibali halali cha kuishi naye anaruhusiwa. Uchaguzi wa halmashauri ni Mei 2027. Mwanafunzi mgeni anaweza kuwapigia kura watu wale wale wanaoamua idadi ya leseni za nyumba.

Kwa hiyo, mzazi mwenye barua ya kukubaliwa mkononi, usiishie kuuliza koti zito linauzwa wapi. Uliza chuo: mwaka wa pili mtoto wangu atalala wapi, kwa kodi kiasi gani, na mdhamini wake atakuwa nani? Uliza kabla hujalipa hata pauni moja. Mji wa St Andrews utampa mama, baba na ndugu ndani ya mwezi wa kwanza. Pa kuishi nao mwaka unaofuata ni kazi ya kuanza kuipanga nyumbani, kabla hajapanda ndege.