Mdogo Wangu Si Mzito, Serikali Ndiyo Haisikii

Makamanda, leo siongelei tume ya uchaguzi. Naongelea dawati la nyuma.

Mdogo wangu ana miaka 13 na yuko darasa la nne. Upimaji umemrudisha mara mbili. Akiwa mdogo aliugua homa kali, na alipopona tukagundua ukimwita kwa nyuma hageuki. Sikio la kulia linasikia kidogo, la kushoto hamna kitu. Nyumbani kwetu Kyela, upande wa kuelekea Matema, tulishazoea: unamgusa bega, unasimama mbele yake, unaongea taratibu akuone mdomo. Bibi yetu hajakanyaga shule, lakini hilo analijua.

Shuleni hawalijui. Anakaa nyuma kwa sababu ni mrefu. Darasa limejaa, mwalimu anaandika ubaoni huku anaongea, mgongo kawapa watoto. Mwaka jana mama akaitwa. "Mama, huyu mtoto ni mzito. Mtafutieni shule maalumu." Ipi? Iko wapi? Nauli nani analipa? Majibu hakuna. Mama alirudi nyumbani akavua kanga ya kutokea, akaenda shamba la mpunga bila kusema neno.

Simlaumu sana yule mwalimu. Hakuna aliyemfundisha kumtambua mtoto asiyesikia, na ana watoto wengi kupita kiasi. Nawalaumu waliotunga sheria nzuri wakaifungia kabatini.

Tuanze na sheria yenyewe, maana ndiyo ninayosomea. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kifungu cha 27 kinampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wenzake, tena katika mazingira jumuishi. Kwa hiyo shule ya kwanza ya mdogo wangu ni hiyo hiyo ya kijijini, na serikali ndiyo yenye wajibu wa kuiandaa impokee. Kumwambia mama "mtafutieni" ni kumtwisha mzigo ambao sheria haikumpa yeye.

Sasa njoo kwenye Katiba. Ibara ya 11 inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha. Safi. Rudi nyuma kidogo, soma Ibara ya 7(2): masharti ya Sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Siku niliyoisoma darasani nilifunga kitabu. Haki ya elimu imewekwa kwenye Katiba, halafu ukurasa huo huo unakwambia usiende nayo kwa hakimu. Sheria ya 2010 tunaweza kuitumia, ndiyo, lakini Bunge lililoitunga linaweza kuipunguza wakati wowote. Ukiulizwa Katiba Mpya inamsaidia nini mkulima wa Kyela, jibu mojawapo ni hili: haki ya elimu ihamie kwenye haki ambazo mahakama inazilinda.

Watasema nchi ni maskini. Haya, tupige hesabu. Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Betri ndogo ya shimesikio inakaa wiki moja, ikijitahidi sana mbili. Hiyo elfu kumi itanunua betri za miezi mingapi, na chaki je? Wakati huo huo kakao yetu inapita kwenye stakabadhi ghalani na halmashauri inakata ushuru wake. Hela inatoka Kyela kila msimu. Tuonyesheni mstari wa bajeti unaomhusu mtoto asiyesikia. Na msituambie habari za asilimia 2 ya mikopo kwa watu wenye ulemavu. Mkopo haumfundishi mtoto kusoma.

Halafu kuna mambo ambayo hayahitaji hata senti. Mtoto akae dawati la mbele. Mwalimu ageuke kabla ya kuongea. Swali liandikwe ubaoni. Baraza la Mitihani lenyewe huwaongezea muda watahiniwa wa darasa la saba wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwenye masomo mengine. Lakini mtoto aliyeandikwa "mzito" badala ya "asiyesikia vizuri" atazipataje hizo dakika?

Na sisi tusijitoe. Mikutano yetu ya hadhara ina spika za kutikisa soko zima. Mkalimani wa lugha ya alama umemwona wapi? Tunadai jukwaa la wote huku wengine wanatuangalia midomo tu. Hilo tulirekebishe wenyewe, hatuhitaji kibali cha OCD.

Kazi ya wiki hii, kila tawi. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji au kamati ya shule na kifungu cha 27 mkononi. Ulizeni maswali matatu: watoto wangapi hapa wamepimwa macho na masikio? Mwalimu wa elimu maalumu kata hii ni nani? Bajeti yao ni shilingi ngapi? Mkinyimwa majibu, mwandikieni Mkurugenzi barua, nakala mbaki nayo, igongwe muhuri wa kupokelewa. Tukipata nakala za kata nyingi, tuna ushahidi.

Mimi ya kwetu nimeshaipeleka. Jumatatu iliyofuata mdogo wangu alihamishiwa dawati la mbele. Jioni akaniambia, "Dada, kumbe mwalimu huwa anasimulia hadithi."

Miaka sita shuleni, ndiyo kwanza anajua.