Nahau za Kiingereza si za kukaririwa
Mimi husahihisha insha za Kiingereza za watoto wa mtaa wetu hapa Nakuru, na kila mvua inayonyesha humo ni ya paka na mbwa. Mmoja aliitumia nahau hiyo, 'raining cats and dogs', hata kwa manyunyu ya asubuhi kule Molo. Maana anaijua; asichojua ni wakati wa kuitumia. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini orodha za nahau zilizokaririwa kwa ajili yake bado tunazo. Walimu, zipunguzeni. Mpeni mtoto hadithi, akutane na nahau ikisemwa na mtu mwenye sababu ya kuisema. Kisha mwulizeni: ungemwambia nani hivi, na lini? Akikosa jibu, aandike tu kwamba mvua ilikuwa kubwa. Hicho nacho ni Kiingereza safi.