Tulitenga kikombe, hatukufungua dirisha

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunazungumza juu ya watu wanaolima na kuvuna mashamba yetu ilhali si wenyeji wa vijiji vyetu, yaani vibarua watokao mbali.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kumsalia maiti katika kambi ya shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Marehemu alikuwa kijana aliyekuja kukata mkonge. Tulipouliza jina la baba yake, hakuna aliyelijua. Mnyapara alikuwa na namba yake daftarini. Wenziwe walimwita kwa jina la kabila lake. Alikohoa muda mrefu bila kwenda zahanati, kwani alihofu kwamba akijulikana ana kifua kikuu atafukuzwa kambini na ujira wake utapotea.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika msikiti wa kijiji hicho, tulikokuwa tukidarasisha, palikuwa na vikombe viwili juu ya mtungi wa maji: kimoja cha wenyeji na kimoja cha vibarua. Tuliviona tukanyamaza, tukajiambia kuwa ni tahadhari ya afya. Kumbe haikuwa tahadhari. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe. Huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, hasa katika chumba chenye watu wengi kisichopitisha upepo. Na kijana yule alilala na wenziwe saba katika chumba ambacho dirisha lake lilizibwa kwa gunia. Tulitenga kikombe, hatukufungua dirisha. Tuliwadhalilisha watu, na ugonjwa tukauacha palepale ulipo.

Dharau hii haikuanza jana. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Pangani. Wakati wa Waingereza, wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, mwaka 1944. Watu walikusanywa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakapewa kipande cha kukamilisha siku 30 za kazi, wakaitwa manamba. Wajukuu wao leo ni majirani zetu Muheza na Korogwe, na wengi tunasimama nao safu moja katika sala. Lakini jina limetoka kwa babu, dharau ikahamia kwa kibarua mpya wa msimu huu.

Ndugu zetu, tuitazame Madina. Muhajirina walipofika mwaka 622, waliingia katika mji wa mitende na mashamba, wao wakiwa wafanyabiashara wa Makka. Answari walitaka kuwagawia mitende yao. Mtume (S.A.W.) hakukubali, ndipo wakaafikiana kuwa wageni washiriki kazi ya shamba na wote washirikiane katika mavuno. Basi wahamiaji wale, miongoni mwao masahaba watukufu, walikuwa watenda kazi wa shambani katika nchi ya ugenini. Na maradhi yaliwapata: Abu Bakr na Bilal (R.A.) waliugua homa kali. Je, kuna aliyesema kuwa wageni wameleta homa? La. Mtume (S.A.W.) aliomba dua ili Madina ipendwe nao, na iwe mji wa afya.

Hapo pana mazingatio makubwa. Mara nyingi si mgeni anayeleta maradhi. Ni nchi yetu inayompa. Atokaye nyanda za juu penye malaria chache akifika bondeni huugua kuliko mwenyeji, kwa kuwa mwili wake haujaizoea. Kambi ikikosa vyoo, mabuu ya safura hukaa ardhini na kupenya nyayo za anayetembea peku. Nani basi wa kulaumiwa, mwenye nyayo au mwenye shamba asiyechimba choo?

Yupo atakayesema: Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikataza kuingia penye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Ni kweli. Lakini hukumu hiyo imewekwa juu ya mahali penye ugonjwa, na inamhusu tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Haikuwekwa juu ya kabila la mtu.

Wala jambo hili si la Tanga peke yake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1938 ya ujira wa chini na saa za kazi iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Ilipofika mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ileile iliwatangaza kuwa watu wa lazima kwa chakula cha taifa. Hata hivyo wengi wao hawakuwa na hati za ukaazi, wakaogopa kujitokeza kupimwa na kutibiwa. Anayeogopa kufukuzwa huficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa huwafikia hata walio mbali na kambi.

Dawa ya kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali yetu, na kwa kawaida dozi huchukua miezi sita. Kibarua wa msimu huhama kabla ya kuimaliza. Akikatiza dozi, vijidudu huweza kujenga usugu, na hapo tiba huwa ngumu kwake na kwa watakaoambukizwa naye.

Kwa hiyo tunawausia wenye mashamba, na wamo katika wasomaji wetu: jengeni vyoo, fungueni madirisha, na kibarua akiugua msimfukuze. Akihama, aondoke na barua ya kituo cha afya ili aendelee na dozi aendako. Mlipeni mapema, kwani Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumpe mtenda kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wazazi, msiwaache watoto wenu wafanye jina la kabila kuwa tusi. Na sisi maimamu tuanzie misikitini mwetu.

Kikombe kile cha pili tulikiondoa baada ya maziko. Tulichelewa. Kijana yule tulimzika kwa jina lake moja tu, na Mola wake ndiye ajuaye jina la baba yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusamehe kunyamaza kwetu. Amin.