Kaunti Inakula Ada, Sisi Tunakula "Fundi Yuko Njiani"

Wasee wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na Embu, leo sina vichekesho. Leo nimekasirika na niko na hesabu.

Siku 11. Hizo ndizo siku nyumba yangu hapa Kamakwa ilikaa bila intaneti na bila TV, juu vyote viwili vinakuja na waya mmoja. Watu walikuja kuchimba mtaro kando ya barabara, wakakata waya, wakafukia, wakaenda zao. Nikapigia kampuni. "Fundi yuko njiani." Kesho yake, fundi yuko njiani. Siku ya tano nikaanza kuamini huyo fundi anatembea kwa miguu kutoka Mombasa.

Na mimi sitafuti tu kitu cha kutazama. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na tangu hapo video ndizo zinalipa nyumba. Wiki hiyo nilikuwa na video ya harusi ya kumtumia mteja, kazi ya elfu sita. Bando za simu zikakula karibu elfu mbili, na bado nikachelewa, mteja akakata bei. Halafu mwisho wa mwezi bili ikaja. Nzima! Nikauliza zile siku 11 zimeenda wapi, nikajibiwa, "Asante kwa uvumilivu wako."

Mtaniambia nihame kampuni. Nihamie wapi? Ploti yetu ina kampuni moja tu. Mwenye nyumba alishaelewana nao, na keyateka hafungulii wengine. Soko huria mnalosema linaishia kwa geti.

Nikaingia ofisi moja ya umma mjini. Jamaa alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akasema, "Kijana, mambo ya nyaya ni ya Nairobi."

Hiyo jioni nikakaa chini nikasoma Katiba. Na nitakuwa mkweli, nusu ya alichoniambia ni kweli. Jedwali la Nne linaweka mawasiliano ya simu na utangazaji wa redio na televisheni kwa serikali ya kitaifa. Ulinzi wa watumiaji pia uko huko. Leseni zinatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Gavana hawezi kuzima kampuni ya TV, na mimi sitaki aweze. Mpe mwanasiasa swichi ya TV uone atamzima nani kwanza.

Lakini nusu ile ingine huwa hawaisemagi. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti barabara za kaunti. Linaipa leseni za biashara. Na linaipa jukumu la kuhakikisha biashara inafanywa kwa haki. Sasa niambie, kampuni ikitaka kuchimba barabara ya kaunti, inaomba nani ruhusa? Ikifungua duka la mauzo mjini, kibali inalipia nani? Wakati wa kupokea ada, waya ni wa hapa. Ukikatika, waya unakuwa wa Nairobi.

Na hata hiyo "Nairobi" haiko mbali. CA ina ofisi ya kanda hapa hapa Nyeri mjini. Mimi nimezaliwa hapa na sikujua. Uliza mbogi yako ni wangapi wanajua.

Marekani hii kitu waliifikiria zamani. Kwa miji mingi huko, kampuni ya TV ya nyaya ikitaka kupita barabara za mji, inaweka mkataba na mji. Sheria yao ya 1984 inaruhusu mji kuchukua hadi asilimia 5 ya mapato ya hiyo huduma. Pesa ndefu. Lakini mji unaweza pia kusimamia viwango: kwa kawaida simu ya mteja ijibiwe ndani ya sekunde 30, na huduma ikikatika, kazi ya kurekebisha ianze ndani ya saa 24. Huko pia watu wanalalamika, si mbinguni. Lakini anayechukua ada ndiye anayeulizwa.

Mimi naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kubadilisha Katiba.

Moja, ruhusa ya kuchimba barabara iwe na sharti: ukikata waya wa wenyewe, unaripoti siku hiyo hiyo.

Mbili, kampuni inayouza hapa iwe na dawati la malalamiko hapa, lenye mtu wa kuongea naye ana kwa ana.

Tatu, kaunti iwe na afisa wa kuandika malalamiko na kuyafikisha CA, na hesabu yake isomwe kwa umma kila mwaka kabla vibali kutolewa tena.

Watasema kampuni zitakimbia. Zitakimbia wapi na sisi tunalipa kabla ya kutumia? Hata mama mboga ukimlipa sukuma ya hamsini akupe ya ishirini, utarudi, na atakuongezea bila kukuambia asante kwa uvumilivu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mtumiaji ana haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa akipata hasara. Pesa ya siku 11 si msaada naomba.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti. Nyeri ina wadi 30, kila moja na MCA wake. Ombi nimeshaanza kuandika. Kama umewahi kulipia siku ambazo hukuwa na huduma, nitumie tarehe na picha ya bili. Ficha jina na nambari yako kwanza. Watu wa Kirinyaga, Laikipia, Embu na Meru, yenu mtapeleka kwa bunge lenu, lakini maneno nitawaazima.

Fundi alifika siku ya 12, by the way ya kwao, bila kupiga simu. Kazi ilimchukua dakika ishirini.