Tusimtwike mwamuzi kila kosa: neno kwa wapenzi wa mpira wa Kasongo na Kabambare

Tangu tarehe 6 mwezi huu wa kwanza, siku Léopards walipofungwa na Algeria 1-0 kule Rabat, mabishano ya mpira hayajapoa. Iwe Kasongo mjini, iwe Samba, iwe Wamaza au Salamabila, wapenzi wa mpira wanarudia mchezo ule ule. Goli la Adil Boulbina liliingia dakika ya 119. Ilibaki dakika moja tu twende kwenye penalti. Kushindwa namna hiyo kunauma kuliko kufungwa magoli manne, kwa sababu mtu analala akijiuliza: kama mpira ungepita pembeni kidogo tu?

Na kama kawaida yetu, kabla maumivu hayajapungua tulishapata mwenye kosa. Mwamuzi. Kila kikundi kina orodha yake: faulo ambayo hakuipuliza, mchezaji wa Algeria aliyestahili kadi, dakika ambazo hakuziongeza. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kusema kwamba mambo yalipangwa ofisini, kwamba Kongo haipendwi, kwamba sisi tunaonewa kila mahali, hata uwanjani.

Kubishana juu ya mwamuzi ni sehemu ya mpira, na hakuna atakayetuzuia. Mwamuzi ni mtu, anakosea, na mpenzi wa timu ana haki ya kusema kwamba amekosea. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kusema «mwamuzi amekosea» na kusema «tumeonewa». Neno uonevu lina uzito wake, na sisi watu wa mashariki ya Kongo ndio tungepaswa kulitunza kuliko wengine wote.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja mwaka jana, mjini humo humo Rabat, Léopards waliwatoa Nigeria kwa penalti 4-3, baada ya sare ya 1-1. Mlinzi Chancel Mbemba ndiye aliyefunga penalti ya mwisho, na huku kwetu watu walilala wakiimba. Wanijeria walifanya nini? Kocha wao Éric Chelle alisema kwamba mtu mmoja wa upande wa Kongo alikuwa akifanya uchawi wakati wa penalti. Kisha shirikisho lao likapeleka mashtaka FIFA, likidai kwamba baadhi ya wachezaji wetu hawakuwa na haki ya kuichezea Kongo. Sisi tulicheka. Tulisema: mwenye kushindwa hakosi sababu, wakubali tu kwamba wamefungwa.

Siku 51 baadaye ikawa zamu yetu kushindwa kwa uchache, na maneno tuliyoyacheka kwa Wanijeria yakahamia vinywani mwetu. Kama hoja ilikuwa ya kitoto ilipotoka Lagos, haiwezi kuwa ya kiutu uzima ikitoka Kasongo.

Halafu ukaja mchezo wa mwisho, tarehe 18, Senegal na Morocco. Mwamuzi alikuwa ndugu yetu, Mkongomani Jean-Jacques Ndala. Mechi ilikuwa bado 0-0, dakika za nyongeza za kipindi cha pili. Mpira wa kona ukapigwa, Abdoulaye Seck wa Senegal akagusana na Achraf Hakimi, Ndala akapuliza faulo, na mara hiyo hiyo Ismaïla Sarr akatia mpira wavuni. Goli halikuhesabiwa. Dakika chache baadaye Ndala aliitwa kwenye VAR, akatazama picha, akawapa Morocco penalti kwa sababu Brahim Díaz alivutwa. Kocha wa Senegal akawaambia wachezaji wake watoke uwanjani. Sadio Mané ndiye aliyewarudisha. Díaz akapiga penalti laini katikati, kipa Édouard Mendy akaidaka, na katika muda wa ziada Pape Gueye akaifungia Senegal.

Usiku ule Ndala alitukanwa na sehemu kubwa ya Afrika. Wasenegali walisema amenunuliwa. Na huku kwetu? Wengi wetu tulimtetea. Tulisema mwamuzi ana macho mawili tu, ana sekunde moja ya kuamua, na watu elfu makumi wanampigia kelele. Tulisema wanaomtukana hawajui sheria.

Yote hayo ni kweli. Lakini kama ni kweli kwa Ndala, ni kweli pia kwa mwamuzi wa mechi yetu na Algeria. Hatuwezi kuwa na mizani mbili, moja ya mwana wa nyumbani na nyingine ya mgeni.

Tuseme pia jambo ambalo mabishano mengi yanaliruka: VAR haiangalii kila kitu. Inaingia katika mambo manne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na pale mwamuzi anapompa kadi mtu ambaye si mwenye kosa. Kadi ya kwanza ya njano, mpira wa kurusha, faulo ya katikati ya uwanja, hayo yote VAR haiyagusi. Na firimbi ikishalia kabla mpira haujaingia, mchezo umesimama, na goli linalofuata haliwezi kurudishwa hata kama picha inaonyesha faulo ilikuwa ndogo. Ndiyo maana waamuzi wanafundishwa kuchelewesha firimbi kidogo shambulizi linapokaribia goli. Juu ya Ndala mtu anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini hakungoja? Hilo ni swali la mtu anayejua mpira. «Amekula pesa», bila ushahidi wowote, ni kumchafulia mtu jina.

Kongo yenyewe imewahi kuumizwa na kosa la kweli la mwamuzi, tena kosa ambalo hakuna anayelibishia. Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani Magharibi, Zaïre ikicheza na Yugoslavia, mchezaji mmoja wetu alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Alikuwa Mwepu Ilunga. Mwamuzi alipogeuka, kadi nyekundu akampa Ndaye Mulamba. Ndaye, yule aliyefunga magoli 9 katika Kombe la Afrika la mwaka ule ule, alitolewa nje kwa kosa la mwenzake, na mambo yakabaki hivyo. Leo VAR ingelisahihisha kwa dakika mbili.

Lakini je, tulifungwa 9-0 siku ile kwa sababu ya kadi ile? Kadi ilipotoka tulikuwa tumeshafungwa magoli kadhaa. Wachezaji wenyewe baadaye walieleza kwamba waliingia uwanjani mioyo imevunjika, kwa kuwa pesa walizoahidiwa hazikuwafikia. Kosa la mwamuzi lilikuwapo, na kosa kubwa zaidi lilikuwa la nyumbani. Miaka 50 imepita na bado tunapenda kuzungumza la kwanza na kunyamazia la pili.

Tuhesabu na ya karibuni. Katika Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, Léopards walifika nusu fainali na kumaliza wa nne. Tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Lakini katika mechi 7 walishinda moja tu ndani ya dakika 90, ile ya Guinea, 3-1. Tano zilikuwa sare katika dakika 90 na zikaisha sare, au penalti, na ya Côte d'Ivoire tulifungwa 1-0. Mwezi huu, mbele ya Algeria, tulicheza dakika 120 bila kufunga hata goli moja. Mwezi wa tisa mwaka jana, Kinshasa, tuliongoza Senegal 2-0 na tukaishia kufungwa 3-2, na baadhi ya watu wakang'oa viti vya uwanja wa Martyrs, uwanja wetu wenyewe. Hapo mwamuzi alifanya nini? Timu inayofunga kidogo inacheza kila mara ukingoni mwa mto, na siku moja mguu unateleza. Maswali ya kuuliza ni ya washambuliaji, ya mazoezi, ya ligi yetu inayosimama-simama, ya viwanja vya vijana visivyokuwapo.

Sasa nifike kwenye lile linalonisukuma kuandika. Kabla ya nusu fainali ile ya 2024, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki. Walikuwa wanaiambia dunia: mashariki ya Kongo watu wanauawa na ninyi mnanyamaza. Hakuna mchezaji aliyelalamikia firimbi pale. Na mwezi huu kule Morocco, Michel Kuka Mboladinga alisimama katika jukwaa mechi nzima, mkono juu, bila kutikisika, kama sanamu ya Lumumba. Hata mchezaji wa Algeria, Mohamed Amoura, aliyemwigiza kwa dhihaka baada ya mechi, ilimbidi aombe radhi. Kuka aliikumbusha dunia jina la Lumumba bila kufungua kinywa.

Huo ndio uonevu tunaopaswa kuusema. Watu wa Salamabila wanajua maisha yalivyo pale makundi yenye silaha yanapozunguka zahabu ya Namoya. Watu wa Kabambare wanajua maana ya kukimbia kijiji usiku na kurudi kukuta mihogo imevunwa na wengine. Kwa jambo hilo tunataka dunia itusikilize. Lakini tukitumia neno lile lile, kwa sauti ile ile, kwa ajili ya kona ambayo hatukupewa, nani atatusikiliza siku tukilia kwa ajili ya watu wetu? Anayepiga yowe kila usiku, siku mwizi akija kweli majirani hawatoki.

Na jambo hili lina upande wa nyumbani, ambao ni mzito zaidi. Mazoea ya kumwona mwamuzi kama adui hayaishii kwenye skrini. Vijana wanayabeba mpaka kwenye kiwanja cha udongo, Jumapili, kijiji kikicheza na kijiji jirani. Mwamuzi wa kwetu hana VAR. Mara nyingi hana wasaidizi waliofundishwa, na posho yake ni sabuni na asante. Akipuliza penalti dakika ya mwisho, anazungukwa. Matusi yanageuka kuwa ngumi, ngumi zinageuka kuwa mawe, na kisha mtu anataja kabila la mwamuzi. Katika eneo ambalo watu wamegombania ardhi na machimbo, na ambalo silaha hazijaisha vijijini, ni nani anayeweza kusema kwa uhakika kwamba ugomvi wa mpira utaishia uwanjani?

Dawa yake haihitaji pesa za Kinshasa. Kwanza, kapiteni peke yake ndiye azungumze na mwamuzi, na makocha wakubaliane hivyo mbele ya watu kabla ya mpira kuanza. Pili, malalamiko yaandikwe baada ya mechi na kupelekwa kwa viongozi wa mpira wa eneo, ambao wajibu kwa maandishi pia. Tatu, timu zote mbili zilipe posho ya mwamuzi kwa kiasi sawa, hadharani, kabla ya mchezo, ili asiwepo wa kusema amenunuliwa. Nne, mechi ya Kasongo na Kabambare isimamiwe na mtu asiye wa upande wowote. Tano, radio zetu za jamii, ambazo kila wiki zinatangaza matokeo, zitoe dakika kumi za kusoma na kueleza sheria za mpira kwa Kiswahili. Vijana wengi wanaobishana juu ya kuotea hawajawahi kuelezwa kuotea ni nini. Na wasichana na wavulana walioacha kucheza waitwe kujifunza uamuzi. Ndala naye alianza akiwa kijana asiyejulikana.

Wazee wetu wana kazi hapa. Katika mabaraza ya kijiji hakuna anayemrushia mzee jiwe kwa sababu hakumpa shamba. Anayeona hakutendewa haki anasema, anasikilizwa, anakata rufaa. Mwamuzi wa mpira ni mzee wa dakika 90. Tumpe heshima hiyo, na tukiona amekosea, tufuate njia hiyo.

Mwezi wa tatu Léopards wanakwenda Mexico kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, ambalo hatujaliona tangu 1974. Ni mechi moja tu, na huenda ikaamuliwa na goli moja. Tutawasha jenereta, tutachanga mafuta, tutajazana mbele ya skrini ndogo. Tukishinda, tusimcheke aliyeshindwa. Tukishindwa, tuulize kwanza tulipiga mashuti mangapi golini, halafu ndipo tumuulize mwamuzi. Na Jumapili inayofuata, kijana atakayeshika firimbi pale Wamaza au Samba arudi kwake salama, hata kama ameipa timu ya wageni penalti.