Moshi wa Nyamira si Moshi wa Athi River

Mnamo Desemba 2020, serikali ya Kenya iliuahidi ulimwengu kwamba kufikia mwaka wa 2030 itakuwa imepunguza gesi zinazochafua anga kwa asilimia 32, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa endapo hatua yoyote haingechukuliwa. Ahadi ni njema. Hata hivyo, hesabu moja ya taifa zima huficha tofauti kubwa baina ya maeneo na viwanda.

Kule Athi River, kaboni hutoka katika matanuri ya saruji: mawe ya chokaa huitoa yanapochomwa, mbali na ile ya makaa ya mawe. Jijini Nairobi hutoka katika magari. Kwa wafugaji wa kaskazini, methani hutoka matumboni mwa mifugo. Huku kwetu Kisii na Nyamira tuna viwanda vya majani chai, kama vile Sanganyi, Tombe na Kiamokama, ambavyo huchoma kuni ili vipate mvuke wa kukaushia majani. Tuna pia ng'ombe wetu wa maziwa, na mbolea ya nitrojeni tunayotia mashambani.

Je, dawa moja itaponya maradhi haya yote? La, hasha! Ushuru wa makaa ya mawe ungemgusa mwenye saruji, usimguse mkulima wa chai. Amri ya kuzuia kuni ingemlemea mkulima, maana gharama za kiwanda huondolewa kwanza kabla ya bonasi yake kulipwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Simaanishi kwamba sisi hatuna dhima. Mti ukikatwa na mwingine ukapandwa, mche huivuta tena kaboni ile. Usipopandwa, kaboni husalia angani. Lakini tupande wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 katika kila kilomita mraba. Mkaratusi hugombania ardhi na mahindi, na ukipandwa kando ya kijito hunyonya maji yake.

Kwa hivyo naona yafaa kila kaunti ihesabu moshi wake kabla ya kuagizwa kuupunguza. Walimu na wanafunzi waweza kuanza sasa: kuni ngapi hupikia chakula cha shule kwa muhula, na ni miti mingapi imepandwa badala yake? Taifa lisilojua moshi unafukia wapi litamwagia maji jiko lisilokuwa na moto.