Miwani Isitangulie Kipimo

Mwalimu wa Laela au karani wa Sumbawanga akifikia umri wa miaka 40 huanza kuisogeza karatasi mbali na uso ili aisome. Huenda kwa mpima macho, akasoma herufi za ukutani, akapewa miwani, akarudi kazini ameridhika. Hapo ndipo kosa hutendeka mara nyingi. Miwani humwonyesha herufi. Haimwambii kama ndani ya jicho lake glakoma imekwisha kuanza.

Ugonjwa huo, ambao wengi huuita presha ya macho, kwa kawaida hauumi. Huila neva ya jicho polepole, ukianzia pembeni mwa uoni, wakati mgonjwa bado anasahihisha madaftari bila taabu. Mwenye mtoto wa jicho hupasuliwa akaona tena. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Matone au upasuaji huokoa kilichobaki tu.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Uchunguzi wa Kongwa, mkoani Dodoma, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu 4 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Rukwa haina sababu ya kujidhania imesalimika. Taifa lililomsomesha mwalimu kwa miaka mingi haliwezi kumwacha apofuke kwa kukosa kipimo cha dakika chache.

Kwa hiyo kila mpima macho, awe wa hospitali ya Serikali au wa duka la miwani, hana budi kupima shinikizo la jicho na kuitazama neva yake kabla ya kuandika namba ya miwani. Shinikizo peke yake halitoshi, kwani wapo wanaopofuka hali shinikizo lao ni la kawaida. Aulize pia kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anao ugonjwa huo, maana jamaa wa karibu wamo hatarini zaidi. (Miwani ya kuchagua sokoni, bila shaka, haiulizi kitu.)

Lakini kumgundua mgonjwa na kumwachia barua ya rufaa mkononi ni nusu ya kazi. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, ni zaidi ya kilomita 300, na mkulima wa Ufipa huihesabu nauli hiyo kwa magunia ya mahindi. Matone nayo hutumiwa maisha yote. Wanaopanga bajeti ya dawa mkoani hawana budi kuhakikisha yanapatikana papo hapo Sumbawanga, mwaka mzima. Na mwalimu atakayekwenda kubadili miwani likizo ya Juni akidai kipimo hicho, asionekane msumbufu.